Nyanya Mkunga na Wembe Wake

Huenda dada yako yuko Kibirichia, baridi ya Mlima Kenya ikiuma, naye ataka kuzalishwa nyumbani na nyanya anayemwamini. Usimcheke. Mikono ya nyanya yaweza kuwa mipole kushinda ya muuguzi mwenye hasira! Lakini uliza: wembe ni mpya? Kondo la nyuma likikawia nusu saa, gari liko wapi usiku huo wa matope? Damu ikizidi nusu lita mama yumo hatarini, na nyanya hana sindano ya kuizuia. Mkunga aliyesomea husajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya. Nyanya na amsindikize dada hospitalini. Nauli iwekwe kando tangu mwezi wa nane.