Kadi mpya, kompyuta ya zamani: Usikubali kufomati

JUBA. Mzigo unaotoka Kampala kupitia Elegu na Nimule hufika soko la Konyo Konyo na karatasi zake, na siku hizi karatasi nyingi ni picha tu ndani ya simu: ankara, risiti za ushuru, namba ya lori. Kasheshe huanza pale kadi ya simu inapochomekwa kwenye kompyuta ya zamani ili picha zichapishwe. Kompyuta inadai kadi haijafomatiwa, kisha inauliza kama iifomati sasa.

Jibu ni hapana. Kufomati ni kufuta, na mafundi hawawezi kurudisha picha zote kila mara.

Mara nyingi kadi yenyewe ni nzima. Kadi za SD za mwanzo ziliishia GB 2. Mwaka 2006 zikaja SDHC, zinazofika GB 32, na mwaka 2009 SDXC, zenye nafasi kubwa zaidi ya hapo. Kisoma kadi kilichotengenezwa kabla ya 2006 kwa kawaida hakiitambui SDHC. Adapta ya plastiki inayovishwa kadi ndogo haisaidii kitu, maana inabadili umbo tu. Dawa ni kisoma kadi kipya cha kuchomeka kwenye USB.

Kadi ya GB 64 ina mkasa wake. Hutoka kiwandani ikiwa imepangwa kwa mfumo wa exFAT, ambao Windows XP haiujui mpaka iongezewe programu iliyotolewa na Microsoft mwaka 2009. Hapo hata kisoma kipya hakifui dafu. Atafutwe jirani mwenye Windows 7 au ya baadaye, picha zinakiliwe kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, na flashi hiyo XP itaisoma. Au kadi iachwe ndani ya simu na simu iunganishwe kwa waya: simu yenyewe ndiyo itakayoisoma kadi, kompyuta ipokee picha tu.

Ipo kadi moja isiyosomeka kwenye kompyuta yoyote, iwe mpya au kuukuu. Ni ile iliyogeuzwa na simu ya Android kuwa sehemu ya hifadhi yake ya ndani. Data zake zimefungwa kwa ufunguo unaokaa ndani ya simu hiyo peke yake. Anayetaka kuuza simu ya namna hiyo, au kuirudisha katika hali ya kiwandani, ahamishe risiti zake kwanza.