Baridi, honi na kwaya: kwa nini mwili husisimka

Baridi ya Julai hapa Mbalizi haina mzaha. Alfajiri, madereva wa bodaboda wanaosubiri abiria kando ya barabara kuu ya Tunduma huvaa makoti kinyumenyume, mgongo wa koti ukiwa kifuani, upepo usije ukapenya kwenye zipu. Mmoja akipandisha mkono wa koti atoe chenji, utaona ngozi imejaa vipele vidogo kama ya kuku aliyenyonyolewa, na kila kipele kimesimamisha unywele wake.

Chini ya ngozi, kila kinyweleo kimeshikwa na kimsuli chembamba. Kimsuli kikikaza, unywele husimama na ngozi inayouzunguka hutuna. Wengi wetu hatuwezi kukiamuru. Kinatii mishipa ya fahamu ile ile inayoukimbiza moyo tukishtuka. Ndiyo maana lori likifeli breki kwenye mteremko wa Iwambi na kushuka likipiga honi mfululizo, aliye kando ya barabara husisimka mwili hata kama ni saa saba mchana na jua linawaka.

Kwa mnyama mwenye manyoya mengi faida iko wazi. Manyoya yakisimama hunasa hewa yenye joto karibu na ngozi, tena humfanya aonekane mkubwa mbele ya adui. Mtazame paka aliyekutana na mbwa. Hilo la kuonekana mkubwa mbele ya adui Charles Darwin aliliandika mwaka 1872, katika kitabu chake kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia. Malaika yetu sisi hayatunzi joto wala hayamtishi mtu. Mtambo tumebaki nao, ila koti tunanunua mtumbani.

Hata hivyo, kuuita mtambo huo masalia tu ni kukurupuka. Mwaka 2020 watafiti wa Harvard na wenzao wa Taiwan walionyesha, kwa kuchunguza panya, kwamba kimsuli hicho ndicho kinachoishikiza neva kwenye mzizi wa unywele. Baridi ikidumu, neva hiyo huziamsha seli shina, na unywele mpya huota.

Kitendawili ni muziki. Mwaka 2001 watafiti wa Montreal, Kanada, waliupima ubongo wa wanamuziki 10 wakisikiliza muziki walioujua kuwa huwasisimua. Sehemu zilizochangamka ni zile zinazohusika pia na raha ya chakula. Aliyewahi kukaa kanisani Jumapili, kwaya ikaanza taratibu halafu besi wakaingia, hahitaji mashine kumthibitishia.

Lakini upo msisimko usiofaa kupuuzwa. Homa inapopanda, ubongo hutaka mwili uwe na joto zaidi ya kawaida, hivyo mgonjwa husikia baridi ilhali anachemka: vinyweleo vinasimama, meno yanagongana. Hapa kwetu ni rahisi kuisingizia Julai. Kama umetoka Kyela au Mbarali siku za karibuni na unatetemeka chini ya mablanketi mawili, nenda kituo cha afya ukapime malaria.