Upepo wa Kisiwa cha Skye

Magharibi ya nchi ya Uskoti kuna kisiwa kiitwacho Skye. Upepo wake ni mkali, kwa kuwa hutoka katika bahari ya Atlantiki, ambako hakuna kilima wala msitu wa kuuzuia. Ukifika milimani hubanwa, na kama maji ya mto yapitayo mahali pembamba, mbio zake huzidi.

Hata hivyo watu hupanda huko pamoja na watoto wao, kwenda kutazama jiwe liitwalo Old Man of Storr, yaani Mzee wa Storr. Limesimama peke yake, urefu wake yapata mita 50, kama minazi miwili mirefu iliyopandana. Miaka milioni 60 hivi iliyopita volkeno zilimwaga mawe yaliyoyeyuka juu ya miamba laini. Baadaye miamba ile ikashindwa na uzito, mlima ukaporomoka, na jiwe hili likasalia wima.

Njiani baba hutangulia, mama hufuata nyuma, na mtoto mdogo hushikwa mkono. Upepo ukivuma ghafula, wote huchutama mpaka upungue. Kofia ikipeperushwa haifuatwi, maana genge li karibu. Na upepo ukizidi hurudi, ijapokuwa Mzee aonekana mbele yao, na watoto wamenuna.