Kuku na Kiota Chake (Sehemu ya Tatu): Kwa Nini Anataga Chini?

Juma lililopita tuliishia kwenye mwanga wa banda. Leo tuingie kwenye lalamiko la kila mfugaji wa kuku wa mayai: viota vimewekwa, maranda mapya yamo, na bado mayai yanaokotwa sakafuni, yamepakaa kinyesi, mengine yana ufa. Kuku huitwa mkaidi. Anasingiziwa.

Chanzo cha hamu ya kutafuta kiota huanza takriban siku moja kabla ya kutaga, kiini kinapochomoka kwenye ovari. Kifuko kilichokuwa kimekibeba hubaki kikitoa homoni, na hizo ndizo zinazomhangaisha kuku kesho yake. Huko Edinburgh, katika miaka ya 1960, watafiti Wood-Gush na Gilbert walikiondoa kifuko hicho. Kuku wakataga bila kushughulika na kiota. Kwa hiyo kuku aliyekosa kiota hamu haimtoki. Atazungukazunguka akitetea, mwisho atajibanza kwenye kona yenye giza.

Mtazame asubuhi. Huchungulia kiota kimoja, hutoa kichwa, huenda cha pili, hurudi kulekule. Akishaingia hujizungusha, hukandamiza maranda kwa kifua, huokota kipande kwa mdomo na kukitupia mgongoni. Ajabu ni kwamba wenzake wawili watajisukuma humohumo, na cha jirani ki kitupu! Ndipo mayai yanapopasuka.

Idadi nayo ina sehemu yake. Sheria ya Umoja wa Ulaya, uliopiga marufuku vizimba visivyo na viota kuanzia 2012, inadai walau kiota kimoja kwa kuku 7 kwenye mabanda yasiyo na vizimba. Mfugaji mdogo akiweka kimoja kwa kuku wanne au watano atapumua zaidi. Sentimita 30 kila upande zinatosha.

Lakini kinachowaponza wengi ni kuchelewa. Viota viingie bandani wiki mbili tatu kabla ya yai la kwanza, matetea wavizoee. Akishazoea kona, kumhamisha ni kazi. Kona hizo zizibwe, na maranda ya sakafuni yasiwe mengi kuliko ya kiotani, maana hapo utakuwa umemtandikia mwenyewe. Yai la chini liokotwe upesi: mwenzake akiliona, naye atataga hapohapo. Usiku viota vifungwe, wasilale humo na kuvichafua.

Juma lijalo: kuku anayekula mayai yake.