Isale Halikuwa kwenye Ratiba

Wageni wa usharika wetu huja Marangu kwa siku kumi, kwa kawaida mwezi wa sita au wa saba, shule za kwao Marekani zikiwa zimefungwa. Hupaka rangi madarasa, huchanganya zege na vijana wetu, hufundisha watoto nyimbo, na Jumapili huketi benchi la mbele wakiwa wamevaa vitenge tulivyowashonea. Siku ya kumi hakuna kazi. Ratiba inaiita siku ya utamaduni: asubuhi maporomoko ya maji, kisha mapango ya Wachagga, kisha shamba la kahawa na chakula cha mchana, kisha maduka ya vinyago Moshi mjini, halafu uwanja wa ndege wa KIA na ndege ya usiku. Nimewatafsiria wageni hawa kwa miaka kadhaa, na siku hiyo ndiyo inayonichosha kuliko zile tisa zote.

Safari ya mwisho, tulipokuwa tunapanda Coaster asubuhi, binti mmoja alinishika mkono akaniuliza kwa furaha ya kweli: "Mama, kwa hiyo leo ndiyo tutaona utamaduni wenu?" Nikamjibu ndiyo, leo. Jibu hilo limenikaa rohoni tangu siku ile. Naandika haya ili nilirudishe, na ili wenzangu wa kamati ya mapokezi wanisome vizuri.

Siku tisa yule binti alikuwa ndani ya utamaduni wetu mpaka shingoni. Jumapili alishuhudia mnada. Kwetu ibada ikiisha watu hawatawanyiki; wanasimama uwanjani kuzunguka meza yenye sadaka za vitu: mikungu ya ndizi, maboga, jogoo aliyefungwa miguu, mayai ndani ya kikapu. Bibi mmoja wa mtaa wa juu alikuwa ameleta yai moja, amelifunga kwenye kitambaa. Mzee wa kanisa akalinyanyua juu, akaanza na shilingi mia tano. Likanunuliwa kwa elfu mbili. Aliyelinunua akalirudisha mezani, liuzwe tena. Likaenda elfu tano, likarudishwa. Mwalimu wa kwaya akalichukua kwa elfu kumi, akamkabidhi mgeni wetu. Wageni walicheka, wakapiga picha, wakafikiri ni mchezo wa kuwachangamsha. Hakuna aliyewaambia kwamba bibi yule hana fedha, ana kuku, na kwamba majirani zake ndio walioligeuza yai lake kuwa elfu kumi na zaidi. Kwenye daftari la usharika sadaka ile ni ya kwake. Bibi aliondoka kichwa juu.

Jumatatu walikaribishwa mbege, pombe yetu ya ndizi. Hapo nataka nikae kidogo, kwa sababu mbege inasemwa vibaya na watu ambao hawajawahi kuipika. Mama yangu alichagua ndizi zilizoiva sawasawa, akazimenya, akazichemsha tangu asubuhi hadi zikawa nyekundu kama matofali, akaziacha kwenye pipa siku kadhaa zichachuke. Ulezi aliusaga, akapika uji, akaupoza. Gome la msesewe lilichemshwa pembeni ili kuleta ule uchungu unaozuia utamu wa ndizi usikinaishe. Siku ya kuchanganya hakuna aliyegombana ndani ya nyumba. Mama alisema mbege inasikia. Ikiwa tayari, anayekaribisha huionja kwanza mbele ya wote, ndipo kata ya kunywea ipite kwa wazee kufuata umri. Posa ilijibiwa kwa mbege. Watu walioitwa kulima walishukuriwa kwa mbege. Fundi, mjomba, jirani aliyelinda ng'ombe wako ukiwa msibani, wote kata iliwafikia. Leo kwenye harusi zetu mbege inawekwa pipa moja nyuma ya jiko kwa ajili ya wazee wachache, na meza kuu imejaa chupa.

Kiongozi wa wageni alipoletewa kata aliinua kiganja, kama askari wa barabarani anayesimamisha gari. Kundi lao haliruhusu pombe. Sina ugomvi na hilo. Walutheri wengi wa Kichagga nao hawanywi. Lakini asiyekunywa kwetu hupokea kata kwa mikono miwili, huinamisha kichwa, na kumpa aliye karibu naye. Heshima imepita, pombe haijaguswa. Ingechukua dakika moja kuwafundisha, na hatukuwafundisha. Mzee aliyeishika kata ile alibaki ameinyoosha hewani, mpaka mjukuu wake akaja kumpokea.

Nimetaja mbege kwa urefu, na mtu anaweza kuniuliza habari za vyakula vyetu, mtori, kiburu, kisusio na ndafu. Hivyo vinajitetea vyenyewe, vipo hata kwenye hoteli za Dar es Salaam.

Turudi kwenye siku ya kumi. Tulianza Kinukamori, kwenye sanamu ya msichana na chui. Mwongozaji alisimulia vizuri jinsi msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa alivyokwenda kujitupa, akaghairi, alipogeuka akakutana na chui, akakimbia, akaangukia kule kule alikokwisha kukataa kwenda. Wageni walinyamaza. Kisha mapangoni. Babu zetu walichimba njia zile chini ya ardhi ili wajifiche wao na mifugo yao wakati wa mashambulizi ya Wamasai, na kila ninapoinama kuingia mle nafikiria mikono iliyotoa udongo wote ule. Lakini maelezo ya mle ndani yamekuwa ya damu na mikuki tu, kwa kuwa hayo ndiyo yanayomshika mgeni. Old Moshi, ambako Wajerumani walimnyonga mtawala wa huko, Mangi Meli, tarehe 2 Machi 1900, haimo kwenye ratiba. Mifongo haimo, ile mifereji ya maji ambayo koo zilichimba na kuigawana kwa zamu kwa vizazi, ingawa Coaster ilivuka mfongo wetu mmoja mara mbili kila siku.

Nje ya pango palikuwa na masale. Mwongozaji, kijana wa hapa hapa, mtoto wa watu ninaowafahamu, aliyaonyesha kwa fimbo akasema kwa Kiingereza kwamba ni mmea ambao Wachagga wa zamani waliutumia kuabudu mizimu. Akasogea mbele. Wageni wawili wakapiga picha ya jani.

Nilisimama pale nikashindwa kutafsiri, na wala hakikuwepo cha kutafsiri, maneno yalikwisha kusemwa kwa lugha yao.

Isale, umoja wa masale, ni jani refu, la kijani, linaloota kwenye mti mwembamba usiokufa kirahisi. Ndiyo maana limepandwa mipakani: ukiona mstari wa masale katikati ya migomba, hapo kihamba cha mtu, yaani shamba lake la ukoo, kimeishia na cha mwenzake kimeanza. Limepandwa makaburini pia, kwa sababu kwetu mtu huzikwa kihambani kwake, karibu na nyumba, asiwe mbali na wanawe. Lakini kazi kubwa ya isale ni kuomba msamaha. Aliyekosa huchuma jani, hulifunga fundo, hulipeleka kwa aliyemkosea, mwenyewe au kwa mkono wa mtu mzima anayeheshimika. Anayepelekewa hawezi kulikataa. Anaweza kunyamaza, anaweza kulia, anaweza kusema yaliyomuuma mpaka yaishe, lakini jani atalipokea, na akishalipokea kesi imekufa.

Nimeliona kwa macho yangu. Nilikuwa darasa la nne. Baba yangu na baba mdogo hawakusemeshana tangu masika mpaka vuli kwa sababu ya migomba mitatu iliyokuwa upande usiojulikana ni wa nani. Mama alituzuia kupita kwa baba mdogo hata kwenda kuchota maji. Asubuhi moja kabla ya jua, mbwa alibweka, nikachungulia dirishani. Baba mdogo alikuwa amesimama uani bila viatu, ameshika isale lenye fundo, umande unachuruzika kwenye mkono wa shati lake. Hakubisha hodi. Baba alitoka amevaa koti la mvua juu ya shuka. Walitazamana muda mrefu kiasi kwamba niliogopa. Kisha baba akanyoosha mkono wa kulia, akalichukua, akaingia nalo ndani, akalichomeka juu ya mlango. "Mama fulani, weka chai," akasema. Habari ya migomba mitatu sikuisikia tena katika nyumba ile, na mpaka leo siwezi kukwambia ilikwenda kwa nani.

Watoto wa ndugu hao wawili, yaani sisi, tuligombania mpaka huo huo baada ya mazishi yao. Tulikwenda baraza la ardhi la kata, tukatoka hapo tukaenda la wilaya, tukalipa mawakili, tukapima kwa kamba na kwa mashine. Masale ya mpakani yaling'olewa na mmoja wetu usiku ili kuharibu ushahidi. Hakuna aliyechuma hata jani moja kulipeleka kwa mwenzake. Nimemsikia mhubiri akisema kwenye kipaza sauti kwamba kubeba isale ni kuabudu miti. Kristo alisema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uache sadaka yako uende kwanza ukapatane naye. Bibi yangu, aliyebatizwa na kukomunika maisha yake yote, alichuma isale akiwa njiani kwenda kufanya hilo hilo.

Wapo wamisionari waliolielewa. Wale wa misheni ya Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893. Bruno Gutmann alikuja Kilimanjaro mwaka 1902, akaondoka mwaka 1938, muda mwingi akiwa Old Moshi. Alijifunza Kichagga, akaketi na wazee, akaandika sheria na mafundisho yetu vitabu kwa vitabu, na mwaka 1926 akatoa kile kinachohusu sheria za Wachagga. Alishikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ni vitu ambavyo kanisa lijengwe juu yavyo na lisivibomoe. Alikuwa na makosa yake, hasa kututaka tubaki tulivyokuwa wakati watoto wetu walitaka shule na kahawa. Lakini alikaa. Sitegemei mtu wa siku kumi ajue aliyoyajua Gutmann. Nategemea sisi wenyeji tujue, na tuseme.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili liliniuma siku ile hasa. Siku ya nne tulikuwa tumewapeleka wageni kuwatembelea wajane. Kwenye nyumba moja kulikuwa na kaburi uani, limejengwa vizuri kwa vigae vyeupe, limeezekwa bati. Mume alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia. Mgeni mmoja, mama wa makamo, mpole, aliyekuwa amebeba zege kuliko vijana, aliona kitu cheupe kilichoinuka kiasi cha goti, akadhani ni benchi. Akaketi. Akafunga kamba za kiatu, akawapakata watoto wawili wa nyumba ile, wakapigwa picha wanacheka. Mjane aliona kutoka mlangoni. Hakusema kitu. Alirudi ndani, na chai tuliletewa na binti yake. Mimi niliona, nikanyamaza, kwa kuogopa kumwaibisha mgeni. Huo ukimya wangu nimeuombea.

Kwenye shamba la kahawa, wakati wengine wanatwanga kwenye kinu, nilimwita yule mama pembeni nikamweleza: kaburi, mjane, kisha isale, lile ambalo aliambiwa ni la mizimu. Alishika mdomo kwa mikono miwili. Aliniuliza jani linapatikana wapi. Palikuwa na masale nyuma ya jiko la wenyeji wetu. Nikaomba, tukachuma moja, nikamwonyesha kufunga fundo. Alilifunga mara tatu mpaka likakaa. Kisha akamwendea kiongozi wao kumwomba gari lipite kwa mjane. Kiongozi akatazama saa, dereva akapiga hesabu ya barabara: kupanda kule, kushuka Moshi, kufika KIA. Haikuwezekana. Wenzake walikuwa hawajanunua zawadi. Alishuka uwanja wa ndege machozi yakimtoka, isale akaniachia mkononi.

Nililipeleka mwenyewe kesho yake asubuhi, likiwa limeanza kunyauka kwenye ncha. Mjane aliniangalia, akaliangalia.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Ameshaondoka. Alitaka kuja, gari halikusubiri."

Alilipokea kwa mkono wa kulia, akaenda kulichomeka kwenye udongo upande wa kichwa cha kaburi, akaniambia nikae, anaweka chai.

Ndugu zangu wa kamati, ratiba ya mwakani bado haijachapwa. Mapango na maporomoko yabaki pale pale siku ya kumi, sina neno. Ninaomba saa moja ya siku ya kwanza, kabla hawajashika brashi wala koleo, wakalishwe na wazee wawili na bibi mmoja, waonyeshwe namna ya kupokea kata, waelezwe kile cheupe kilichoko uani ni nini, na kila mmoja afunge fundo la isale kwa mikono yake. Kuhusu sisi wa ukoo wetu, masale ya mpaka wa chini nimeyapanda upya, kando ya mfongo, na yameshika. Anayehitaji jani aje achume.