Jumba la Mahakama la Sumner

Kwa desturi jengo la kale hutengenezwa ili lirudie uzuri wake. Jumba la mahakama la Sumner, mji mdogo wa Mississippi, Marekani, lilitengenezwa ili litunze ushahidi. Humo, Septemba 1955, waamuzi raia 12, wote wanaume weupe, waliwaachilia huru Roy Bryant na J. W. Milam, walioshtakiwa kumwua Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14. Mwaka 1956 wawili hao walikiri gazetini.

Mwaka 2007, mbele ya jumba hilo, wenyeji weusi na weupe waliiomba radhi jamaa ya Till. Baadaye chumba cha hukumu kilirudishiwa sura yake ya 1955. Kesi zingali zikisikilizwa humo. Aketiye pale kuhukumu hukumbushwa hukumu ile.