Je, Wajua? Mimea Vamizi na Maadui Zake

Mbuzi kibogoyo alifikishwa mahakamani. Mwaka 2006 wafugaji wa Baringo, Kenya, walimpeleka Nairobi awe ushahidi katika kesi yao dhidi ya serikali. Mathenge, mti uliopandwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kutoa kuni, una maganda yenye sukari nyingi inayoozesha meno ya mbuzi. Mbuzi huyohuyo ndiye msambazaji: mbegu hupita tumboni salama na kutoka na mavi, tayari kuota.

Mdudu mdogo alilipunguza gugumaji Ziwa Viktoria. Katika miaka ya 1990, Uganda, Kenya na Tanzania ziliachia fukusi kutoka Amerika Kusini, kwao gugu lenyewe. Fukusi hutafuna majani, funza wao hutoboa mashina, na mmea hujaa maji ukazama. Mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997–98 yalisaidia. Hata hivyo gugu hurudi, kwa kuwa mbegu hukaa miaka mingi kwenye tope, na majitaka na mbolea zinazotiririka ziwani hulilisha.

Nondo ana ukumbi wa kumbukumbu. Uko Boonarga, Queensland, Australia, na ulijengwa mwaka 1936. Viwavi wa nondo *Cactoblastis*, walioletwa kutoka Argentina, walikuwa wamekomboa mashamba makubwa yaliyofunikwa na dungusi kakati. Laikipia, Kenya, ambako tembo hula matunda yake na kusambaza mbegu, dungusi hupigwa vita kwa mdudu mwingine: kochinili, anayefyonza utomvu wake.

Mvamizi si lazima avuke bahari. *Maesopsis eminii* ni mti wa asili wa Bukoba na Uganda. Ulipopandwa Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, hondohondo walikula matunda yake na kupeleka mbegu ndani ya msitu.

Mti waweza kuuawa ukiwa umesimama. Kwenye Hifadhi ya Mahale, Tanzania, *Senna spectabilis*, mti wa maua ya njano uliopandwa na wanakijiji kabla ya hifadhi kuanzishwa, ulijaribiwa kuuawa kwa kuchunwa gome kuzunguka shina. Chakula kinachotengenezwa na majani hakifiki tena mizizini. Kivuli kinapopungua, miche ya asili iliyodumaa chini yake hupata mwanga. Kazi inayobaki ni kurudi mara kwa mara kung'oa machipukizi.